Samaki Wako Wapi

Tone la kwanza sikuliona. Nililisikia:
tsii, kama mate juu ya pasi,
kisha kioo kikawa cheusi
na harusi ya watu wa Leicester ikakatika
bibi harusi akiwa na mguu mmoja ndani ya gari.

Dundee, ghorofa ya tatu, mwezi wa Julai.
Jua la kiangazi huku halijui kuaga:
saa nne za usiku bado limeegemea dirisha
kama mgeni aliyekwisha kushika kitasa
akakumbuka habari nyingine.
Nami, kwa maringo, kompyuta niliiweka pale pale,
ubavu wake wa kioo uelekee barabara,
wapita njia waone maji yakizunguka.

Nilikuwa nimeambiwa: tia maji ya betri.
Nikajibu, maji ni maji,
nikakinga ya bomba.

Mwanga, maji, uvuguvugu.
Ukoga hauhitaji mwaliko zaidi ya huo.

Senga wa chini alipanda kulalamikia mvumo wa pampu.
Akasimama mlangoni, akainama,
akautazama ule ukijani kwa muda mrefu.
"Na samaki wako wapi?"

Sikucheka. Nilichomoa umeme,
nikailaza mashine ubavu kama mbuzi wa hitima,
nikayakinga maji kwa sufuria ya pilau
ambayo sitaipikia tena.
Yakatoka mazito, supu ya mchicha isiyo na chumvi.
Ndani ya kipoozeo cha shaba,
kwenye vijifereji vyembamba kuliko meno ya kitana,
ukoga umejazana nyuzi nyuzi,
umeshikana kama ukoo wenye kesi ya shamba.

Siki. Mswaki. Mswaki wa pili.
Senga akashuka, akarudi na brashi ya chupa ya mtoto
(mtoto mwenyewe sasa ana miaka arobaini,
anaendesha basi la Perth),
akakalia ndoo iliyopinduliwa, akasugua,
akinisimulia marehemu mumewe, fundi bomba,
na bomba la jikoni kwao
lililovuja miaka kumi na mmoja.

Kosa likaonekana: pete ya mpira,
nyeusi, ndogo kuliko ukucha,
imeng'atwa na hesi za kiungo.
Mkono wangu huo. Siku ile ya kuijenga
nilikaza, nikakaza tena,
nikidhani nguvu ndiyo ufundi.
Pete mpya: peni thelathini.

Maji yakimwagika hayazoleki, tulifundishwa.
Niliyazoa.
Kwa tishu, kwa pamba za masikio, kwa pumzi,
kutoka chini ya kadi ya picha
iliyonila kodi ya miezi miwili.
Wahenga hawakuwa na kadi ya picha.

Kisha maji ya betri, lita mbili,
na matone ya dawa, niliyoyahesabu kwa sauti,
na mirija mipya, myeusi tii,
isiyopitisha mwanga wala maringo.
Tishu chini ya kila kiungo, kumi na mbili.
Pampu peke yake ikawashwa,
mashine imelala, moyo tu unapiga,
saa ishirini na nne.

Sikulala. Saa tisa za usiku, mbingu ikianza kupauka,
nilipapasa tishu moja moja
kama mama anayepapasa godoro la mtoto.
Kavu. Kavu. Kavu.
Ya saba ina doa.

Nilikaa chini, sakafuni.
Simu ya Leicester niliiona tayari inalia.
Nikainyanyua ile tishu, nikainusa.
Iliki.
Chai yangu mwenyewe.

Ijumaa bibi harusi aliingiza mguu wa pili,
mlango wa gari ukafungwa, vigelegele vikapigwa.

Sasa kompyuta ipo kona ya giza, nyuma ya kabati,
haimwoneshi mtu chochote.
Senga bado hupanda, siku hizi bila lalamiko.
Hunywa chai, hukunja shingo,
huichungulia ile mirija myeusi.
"Umewahamishia wapi?" huuliza.