Namwambia Ndoo

Mkwe, sisemi na wewe.
Nasema na hii ndoo ya njano
niliyoifunga mfuniko kwa mpira wa baiskeli,
na kama umesikia, basi ni upepo wa Dodoma,
haujawahi kutunza siri ya mtu.

Ndoo, sikia.
Treni ya saa mbili huweza kuja saa tano.
Usimuulize yule kijana wa dirishani,
naye anasubiri kama wewe, ila yeye ana kiti.
Honi ikilia upande wa Ihumwa
watu wote watasimama na kugombana na mizigo yao.
Wewe kaa.
Behewa lako litakoma mbele kule, kwenye kokoto.

Chumba ni cha wanawake watupu.
Niliuliza mara tatu, mpaka karani akavua miwani.
Humo mna, ndoo, nisitiri,
mna vile vitu vya kulalia.
Sita. Vitatu huku, vitatu kule,
kama rafu za duka la Mwarabu.
Chako cha chini. Wa juu atapanda kwa ngazi,
nyayo zake zitapita mbele ya uso wako
naye atakuamkia akiwa angani.
Itikia tu.

Kuna mlango mwishoni mwa ushoroba.
Hilo sitalisema hata kwa ndoo.
Kuna mama mmoja wa Kigoma humo ndani, muulize yeye.
Mimi najua tu kwamba mataruma yanaonekana yakikimbia,
na kwamba treni ikisimama stesheni
kujizuia ni uungwana.

Bahi utaijua kwa vyura, kama majaruba yana maji.
Kintinku itapita umelala,
ingawa usingizi wa treni si usingizi,
ni kupepetwa. Ukitulia unapepetwa tena,
mpaka alfajiri ibaki ile punje nzito ya mwili.

Saranda utaamka, utake usitake.
Tochi, mabeseni, sauti: kuku! kuku wa moto!
Usinunue paja kabla hujaligeuza.
Toa pesa kamili,
maana chenji ya Saranda hubaki Saranda.
Kisha shusha dirisha, tia komeo.
Kuna mikono mirefu gizani isiyouza kitu.

Hapo ndipo inaanza kupanda ukingo wa bonde.
Itakwenda taratibu hata udhani inarudi nyuma.
Hairudi.
Inaguna tu, kama ng'ombe aliye

(neno limenitoka, ndoo.
Lakini kwa kuwa limetoka:
hesabu ninayo. Wamebaki wawili, na yule ndama.
Zabibu za mwaka huu zilinyeshewa zikiwa kwenye mti,
tofali nilizofyatua Nkuhungu bado sijalipwa.
Sijasahau. Nalala nazo, naamka nazo.)

Baridi ya Manyoni si ya mchezo.
Juu ya karanga, chini ya mfuniko,
kuna sweta. Limefuliwa.
Si langu, ni la ndoo.

Kukicha ni Tabora.
Nyemo hatakuja stesheni, arobaini haijaisha,
atamtuma jirani mwenye kanga ya zambarau.
Mtoto mimi nimemwona kwenye simu tu,
mtandao ukakatika nimeshaona sikio
na kidole gumba.

Basi. Honi ile.

Nikaiinua ndoo, nikaipitisha dirishani
huku macho nimeyapeleka kwenye magurudumu.
Akaipokea. Akaipakata kama mjukuu.
Kokoto zikaanza kulia.

"Ndoo," akasema, bila kunitazama,
"mwambie aliyekubeba
sikio nitaliangalia vizuri, na hilo la pili pia.
Na umwambie ng'ombe hawapandi treni.
Wanakuja kwa miguu,
wanakula njiani,
wanafika wakifika."

Kisha akashusha dirisha, akatia komeo,
na Saranda bado ilikuwa mbali.