Kimya cha Kizota

Studio yenyewe ni chumba kimoja cha kupanga,
ukuta wa tofali kati yake na mashine yangu ya kusaga.
Wamebandika trei za mayai hadi darini,
mia mbili na kumi, nilizihesabu.
Jua likiwaka zinanuka banda la kuku.

Chidosa alikuja jioni, tarumbeta ndani ya salfeti.
Akasema, Ndahani, naomba usiku wako.
Nikadhani anakopa. Akarudia: usiku.
Meno yake mawili ya mbele yalikuwa mapya,
meupe kuliko wenzao,
kama wageni waliowahi mno kwenye shughuli.

Ulikuwa mwezi wa nane, upepo hauna adabu,
uwele umeshaingia ghalani,
na ndoo za wanawake zimepangana hadi barabarani.
Nikampa siku kumi na moja, kuanzia saa tatu.
Wateja wakanisema.
Mama Mbeleje akauliza kama jazi nayo husongwa,
na kama inashuka na mlenda.

Nilipozima swichi mkanda ulizunguka kidogo,
ukakohoa, ukatulia.
Miaka kumi na tisa nasaga,
sikuwa nimewahi kusikia nyumba yangu ikinyamaza:
bati likipoa, tak, tak,
mbwa wa Nkuhungu,
kifua cha mke wangu kikipanda ngazi.

Kisha yeye.

Nilimjua Chidosa wa harusi, nyuma ya pikapu,
mashavu kama maandazi,
akipuliza kwa elfu kumi na soda.
Huyu hakuwa yule.
Alifunika mdomo wa tarumbeta kwa kata ya kibuyu,
akaanzia chini, chini kabisa,
kama mtu anayepiga hodi
kwenye nyumba anayodaiwa.

Wimbo wa tano aliurudia mara kumi na nne.
Yoeli, kijana wa mitambo, alisema umekaa.
Haujakaa.
Umekaa, mzee.
Akatoka nje, akatema mate mekundu kwenye vumbi langu,
akayafukia kwa kisigino, akarudi.

Usiku wa wimbo wa saba treni ya mizigo ikapiga honi.
Yoeli akashika kichwa.
Chidosa akavuta pumzi, akaisubiri imalize,
akaijibu, nusu ngazi chini yake,
tena kwa upole, kama unavyomjibu mlevi
aliyesema kweli.
Mpaka leo imo. Hawakuifuta.

Albamu ilitoka mvua zilipoanza.
Nyuma ya jalada, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani:
Tarumbeta, Chidosa Mwaluko.
Ilimba, Mchiwa Nyawaga.
Ngoma, fulani na fulani.
Halafu: Kimya, Ndahani Chibago.

Mke wangu alisoma mara mbili.
Walikulipa kwa kunyamaza?
Nikamwambia walinipa nakala moja na kuku.
Akacheka hadi kifua kikambana,
akaomba maji.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu.
Wimbo wa nne, kabla hajaanza, tega sikio:
kuna mlio mdogo, tik.
Yoeli anasema ni vumbi kwenye maikrofoni.
Ni punje ya uwele
iliyobaki kooni mwa mashine
ikaanguka kwenye debe, peke yake, gizani.
Naijua mashine yangu.
Hiyo tik ni yangu.