Likizo na Hayawahusu

Karani wa tiketi alimtazama mbwa, akanitazama mimi.
"Huyu nimwandike abiria au mzigo?"
Andika unachokiona, nikamwambia.
Akaandika: mbwa mmoja, rangi ya andazi,
akamtoza nauli ya gunia la vitunguu.

Tukawekwa nyuma, kwenye magodoro na majokofu ya watu,
na kila mkondo wa Nungwi ulipotunyanyua
aliniwekea kidevu gotini
kama mtu anayekukabidhi funguo zake.
Ningemwachia nani?

Jina nilimpa Tabata, mwaka ule
nilipobaki na vyumba viwili na maswali ya majirani:
Kaondoka lini? Kitanda kachukua? Kuna mwingine?
Nikaleta kitoto cha mbwa kutoka gereji,
nikasimama kibarazani, nikaita kwa sauti:
Hayawahusu! Hayawahusu, njoo ule!
Madirisha yakafungwa, moja, moja.
Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini Mtambwe si Tabata.
Pemba jina kama lile halipigiwi ukelele bure.
Siku ya kwanza akawafukuza kuku wa Bi Mize,
nami mbio nyuma yake, mtandio begani:
Hayawahusu! We, Hayawahusu!
Wanawake watano waliokuwa wakichambua karafuu
wakabaki vidole hewani.
Bi Mize akafunga kanga yake upya, polepole,
kama mwanamume anayekunja mikono ya shati.

Mama mdogo, Bi Time, hakusema kitu.
Alinyoosha kidole banda la mbuzi: yeye kule.
Mimi nikaoneshwa mtungi, kata, na kifuu cha udongo.
Akikulamba, mara saba.
Nikanawa.
Saba ni nyingi kwa mtu aliyezoea kulambwa;
viganja vyangu vikawa kama vya dobi.

Siku ya tatu, msiba.
Karafuu zimeanikwa uani, zimeshaanza kushika weusi,
mbwa akakatiza katikati ya jamvi,
nyayo zimejipanga kama sahihi chini ya hati.
Nikafumba macho.
Maalim Faki akachuchumaa, akavaa miwani,
akapapasa jamvi, akatazama mbingu.
"Mvua ilinyesha lini?"
Juzi, alfajiri.
"Na huyu leo kapita kwenye maji?"
Hajapita.
"Basi. Kikavu kwa kikavu hakinajisi."
Akatia karafuu moja mdomoni, kesi ikaisha.
"Ila utazitandaza upya wewe," akasema,
"mbwa hana mikono."

Kuanzia usiku ule, nyuma ya banda,
kwenye bakuli lililovunjika mdomo,
vichwa vya changu vilianza kuonekana.
"Vya paka," alisema Bi Time.
Paka wa nyumba ile alikufa nikiwa darasa la tano.

Wiki nzima hakuna aliyenitajia Mansabu.
Picha ya harusi ilikuwa imeondoka ukutani kabla sijafika;
palibaki mraba mweupe
na msumari.

Siku ya kuondoka akaja Bi Mize,
mkononi mabungo kwenye mfuko, mdomoni swali:
"Raya mwanangu, na mumeo?
Mbona safari hii umekuja na... huyo?"

Ulimi wangu ukawa mzito kama uji uliolala.
Bi Time alikuwa anakuna nazi.
Hakuinua kichwa. Akakuna mara mbili zaidi,
akakung'uta kifuu,
kisha akageukia banda la mbuzi,
na kwa mara ya kwanza tangu tufike,
kwa sauti ya kumwita mtoto chakulani:

"Hayawahusu!"

Mfuko wa mabungo ukatikisika.

Naye akaja mbio, majani makavu sikioni,
mkia ukipiga huku na huku,
akakaa katikati yao wawili,
akamtazama huyu, akamtazama yule,
akingoja aambiwe
alichoitiwa.