Ngeli ya Marehemu

Nilifika Leeds na koti la kuazima
nikidhani Kiswahili ni changu
kama pua ilivyo yangu.
Profesa Hilda Oldroyd, binti wa msokota sufi wa Batley,
aliyekijulia kwenye foleni ya zahanati ya Muheza
akihesabu vidonge,
alinisikiliza wiki nzima, ndipo akauliza:
"Kwa nini wasema kiboko anakuja,
wala husemi kinakuja?"
Nikacheka. Kisha nikakosa jibu.
"Ana roho," alisema. "Ile ki- ni nguo tu.
Mwenye roho hafungwi na nguo yake."

Alisahihisha kwa penseli ya kijani.
Nyekundu tuwaachie polisi wa barabarani.
Tangawizi aliiponda kwa nyundo ya baba yake,
ndani ya soksi safi, juu ya ngazi ya mlango,
majirani wa Otley wakichungulia.
Dereva wa basi, Mpunjabi mwenye kilemba cha samawati,
alimpa shikamoo kila Jumanne;
alilipwa marahaba kabla ya nauli.

Miaka miwili ya mwisho majina yalimtoka
moja moja, kama wageni wasiotaka kuaga.
Viambishi vikabaki.
"Nipe kile," alisema. "Kile changu. Kimeanguka."
Kitabu?
"Sicho."
Kijiko?
"Sicho, wewe."
Kitambaa, kikombe, kioo,
nikapiga magoti, nikaingia chini ya kitanda,
nikatoka na vumbi na kitana.
"Ndicho!"
Akapiga makofi kama aliyefaulu mtihani,
au aliyenifaulisha.

Siku nyingine ilikuwa ule. "Ule umekatika."
Uzi, umeme, ukanda, ukucha, usingizi,
niliimaliza U yote niliyokuwa nayo kichwani.
Hadi leo sijui ni upi uliokatika.

Upatanisho hakuukosea hata mara moja.
Jina langu lilikwenda na mengine,
lakini muuguzi alipoingia na dawa
alinishika mkono:
"Huyu," alisema. "Huyu ni wa kwangu."

Februari. Kanisa la mawe yaliyoliwa na moshi wa viwanda,
theluji imeshageuka tope.
Jeneza likaingia: li-.
Maua yakaingia: ya-.
Mwili ulikuwamo: u-.
Nikageuza shingo huku na huku nikimtafuta a-.
Kasisi alisema vizuri, nadhani.
Mimi nilikuwa nimeinunia sarufi,
kwamba mtu huhamishwa ngeli
kabla hajahamishwa nyumba.

Clive, mpwa wake, akanikabidhi masanduku ya viatu,
ishirini na matatu, yamejaa kadi.
Kwao hakuna wa kuzisoma.
Nikayabeba kwa basi, safari tatu, mvua ikinyesha.
Dereva hakudai nauli.
Hakusema shikamoo pia;
alitazama tu kile kiti cha mbele, kisha barabara.

Usiku nikafungua M.
Marashi. Mardufu.
Marehemu: jina; umbo halibadiliki.
Upatanisho a-, wa-. Tazama "mtu".
Chini, kwa wino wa zamani, mfano:
Marehemu alipenda tangawizi.

Kisha penseli ya kijani, mkono ukiwa umeanza kutetemeka,
imeikata -li-,
na juu yake imeweka -na-.
Pambizoni ameuliza, amejijibu mwenyewe:
Je, yafaa?
Sarufi haikatazi.

Ilikuwa saa nane usiku.
Nikaenda jikoni kutafuta nyundo.