Ngeli ya Sukari

Miaka ishirini na tisa nilifundisha ngeli
katika shule ya msingi nyuma ya mizani ya miwa,
hapa Mumias, ambako majivu ya kiwanda
yalitua juu ya madaftari kama inzi waliochoka.
Sukari haina wingi, niliwaambia watoto.
Ni I na I. Sukari imemwagika. Sukari imepanda bei.
Nao waliandika, wakilamba vidole.

Mume wangu Shiundu alikuwa ndani ya ule moshi,
kwenye masufuria makubwa kuliko nyumba yetu,
akichungulia kioo, akisubiri chembe ya kwanza igande.
Alirudi usiku ananuka molasi mpaka kwapani.
Nilifua mashati yake, nyuki wakafuata kamba.
Chai yake: vijiko vinne,
na cha tano cha heshima.

Sasa amestaafu, na sukari imehamia ndani yake.
Daktari wa Kakamega alisoma kipimo mara mbili,
akatamka: kisukari.
Shiundu akacheka. "Mwalimu, hiyo KI si ya udogo?
Kama kijiji, kama kitoto?
Basi mwambie hata ugonjwa wangu ni mdogo."
Njia nzima nilitafuta kanuni ya kumjibu.
Nikakumbuka kifafa, kichocho, kipindupindu.
Hiyo KI nayo ina ukoo wake.
Nikanyamaza.

Mama Khayanga akasema, mpe asali.
Nesi akasema, asali ni sukari iliyovaa kanzu.
Wa kanisani wakasema, chai kavu, Bwana atamzoesha.
Wiki tatu akainywa kavu,
akitazama kikombe kama mtu aliyesoma wosia
asilione jina lake.

Ndipo mwanetu wa Nakuru akaleta kikopo cha vidonge,
vidogo kama mayai ya chawa.
Unabonyeza, tik, kimoja kinadondoka.
Utamu bila sukari, mama, alisema,
na mimi nilisikia: sentensi bila kiima.
Nilionja kwanza, kama mpishi wa mfalme.
Ulichelewa kufika ule utamu,
na ulipofika haukujua kuondoka:
mgeni aliyekwisha kuaga
bado ameshika kitasa cha mlango,
amekumbuka jambo lingine.
Mama Khayanga anasema vidonge hivyo vina mambo yake.
Nikamuuliza, mambo gani? Akasema, mambo.

Mwezi wa nane tukamzika Wechuli,
waliyesimama naye zamu moja mbele ya kioo kile.
Sukari ilimchukua mguu, kisha ikarudia mwili.
Na chai ya matanga huja na sukari yake,
imechemshwa humo humo, haikuulizi.
Ukiikataa umewakataa wafiwa.
Nilimwona Shiundu akitia mkono mfukoni,
kikopo kikalia tik, bila kazi,
mkono ukatoka mtupu.
Alishika kikombe mpaka kikaota utandu.
Halafu akazunguka nyuma ya hema, kwenye udongo mbichi,
akamimina taratibu, kama anayepima.
"Kunywa, ndugu yangu. Wewe hawakupimi tena."
Akalamba ukingo wa kikombe.
Niliona. Sikuona.

Usiku huu yuko barazani, redio iko chini.
Nasikia tik.
Kimya.
Tik nyingine, na tulikubaliana kimoja.
Ningetoka nimwambie,
lakini niko jikoni, nimeupa mlango mgongo,
nimetia vijiko vitatu katika kikombe changu
na ninakoroga polepole sana,
kijiko kisiguse ubavu.