Madafu Manne Nyuma ya Katoni

Haina betri. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza.
Utepe wa madini, mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
umejikunja ndani ya lebo kama njia ya konokono,
na katikati chipu, ndogo kuliko punje ya hiliki.
Hulala fofofo mpaka wimbi liiguse,
wimbi la kisomaji changu, bunduki isiyo na risasi,
ndipo shati hufumbua mdomo, likataja namba yake,
likarudi kulala.

Naita katoni nzima: labeka, labeka, labeka,
mashati mia mbili kwa pumzi moja,
hakuna linalochelewa, hakuna linalosema nilikuwa msalani.

Najua shati hili lilikatwa Jumatatu,
likatiwa kola Jumanne, mstari wa nne,
likapigwa pasi, likapita lango saa tisa na dakika sita.
Litatoka hapa Pongwe liende bandarini,
litafika ghala la ng'ambo nisilolijua jina,
litaning'inizwa dukani chini ya taa nyeupe,
na hata huko wakiliita litaitika.
Mimi, mamangu yuko Muheza tu hapo,
na hajui kama leo nimekula.

Alhamisi, katoni ya kumi na saba
iliitika mia moja tisini na tisa.
Nikarudia. Mia moja tisini na tisa.
Nikakipulizia kisomaji kama anayepoza chai.
Tisini na tisa.

Bwana Shekigenda hapendi hesabu yenye pengo.
Alifunga lango. Cherehani zikanyamaza
moja baada ya moja, kama mvua inayokatika batini.
Mkono wa mwisho kwenye shati hilo, kompyuta ilisema,
ni wa cherehani ishirini na mbili.
Cherehani ishirini na mbili ni Semeni Mbwana wa Makorora,
mimba yake miezi mitano.

"Nyanyua mikono." Akanyanyua.
Wakamwaga mkoba: kitana, vipande viwili vya muhogo,
kadi ya kliniki. Wakaikung'uta na kadi,
kana kwamba shati lingedondoka
kati ya uzito wa mama na tarehe ya kurudi.
Saa kumi. Saa kumi na mbili.
Wenziwe wanamtazama, hawamtazami.
Alisema neno moja: "Hesabuni kwa mikono."
Nani ahesabu kwa mikono, na mashine tunayo?
Hata mimi sikuhesabu. Naliandika hili lisipotee:
hata mimi.

Saa moja usiku nikaisogeza katoni nipitishe fagio.
Nyuma yake, ukutani, madafu manne ya mlinzi,
yamefichwa jua, mazito, baridi,
yamelala shavu kwa shavu na boksi.
Nikamkumbuka fundi aliyetufunza siku ya kwanza, harakaharaka,
jicho kwenye saa yake:
chuma huirudisha sauti, maji huimeza.
Nikayaondoa madafu. Nikaita.
Mia mbili.

Lilikuwa chini kabisa, pembeni,
limekunjwa vizuri, kola imenyooka.

"Limepatikana," akaandika Bwana Shekigenda,
na kweli kompyuta ina nafasi ya neno hilo.
Ina nafasi ya rangi, ya saizi, ya joto la pasi.
Nikatafuta pa kuziandika saa nne za Semeni.
Nikashusha ukurasa mpaka mwisho wake.
Hapakuwapo.

Yale madafu tuliyanywa. Nasema ukweli.
Yalikuwa matamu.

Ijumaa asubuhi alikuja, kilemba kilekile.
Lango halikulia; halikuwa na la kulilia.
Mlinzi alikuwa akikoroga chai, hakuinua hata uso.
Nikamwita mimi, kwa sauti, jina lote,
nikitaka aseme abee, nipate pa kuanzia.
Akasimama katikati ya zile nguzo mbili,
akaweka mkoba chini,
akanyanyua mikono.