Mzigo Una Maoni Yake

Gari lilishuka bandarini Dar, likapanda hadi Tunduma,
likalala siku nne Kasumbalesa likingoja muhuri,
likaingia Lubumbashi na vumbi puani:
usukani kulia, milango minne ya kistaarabu,
na chini ya boneti farasi mia nne
ambao hakuna aliyewaambia kwamba mimi ni mfamasia.

"La bwana?" wateja waliuliza dukani.
"La bwana yupi?" nikajibu,
nikiendelea kuwahesabia vidonge.

Wiki ya kwanza nililiendesha
kama mtu aliyebeba sahani za ukweni.
Wiki ya pili nilijisahau.
Kona ya Makomeno jakaranda zilikuwa zimemwaga maua,
zambarau tupu, na mvua ya kwanza imepita juu yake.
Nikakanyaga mafuta katikati ya kona
na tako la gari likaamua kutangulia.
Nilizunguka mara moja na nusu,
nikasimama nikitazama nilikotoka.
Muuza vocha chini ya mwavuli wake
akapiga makofi mawili, taratibu,
kama anayefunga mkutano.

Kyungu wa gereji ya Katuba hajashindana na mtu.
Miaka kumi na mmoja alisukuma baiskeli barabara ya Kasenga,
magunia matatu ya makala, msimu wa njaa manne,
na breki yake ilikuwa soli ya kandambili.
Alilizunguka gari langu, akabonyeza tairi kwa gumba,
akaketi kushoto, akafunga mkanda.
"Mzigo una maoni yake," akasema.
"Ukishika breki, gunia linataka kuja mbele kukuuliza habari.
Ukikata kona, linataka kubaki na barabara ya zamani.
Usibishane nalo.
Liambie mapema."

Basi kila Jumapili, kabla ya misa,
tulikwenda kwenye uwanja mtupu
upande wa ule mlima mweusi wa masalia ya shaba.
Tukapanga matairi mabovu, na mwisho wake
bidoni la njano la mawese.
Nilijifunza kwanza kusimama. Kusimama tu, mwezi mzima.
Kisha kuuachia mguu breki
kama unavyouachia mkono wa mtoto anayeanza kutembea,
kidole kimoja,
kimoja,
huku usukani ukiingia.
"Macho, mama! Unalitazama bidoni, utaligonga bidoni."
Nililigonga bidoni.
"Tazama unakotaka kwenda kuishi."
Nililigonga tena.
Viatu vyangu vya kanisani vilinuka mawese
na padri, nadhani, alijua.

Siku moja, sijui ni ipi, mikono ilinyamaza.
Niliusikia uzito ukihama chini yangu:
bega la mbele, kisha nyonga,
kisha kisigino cha nyuma kikisita, kikikubali.
Nikafungua usukani unywele mmoja.
Nikaongeza mafuta kama anayeongeza chumvi
chakula kikiwa tayari mezani kwa wageni.
Bidoni likapita dirishani, zima.
Kyungu akasema, "Mm."
Nililala na ile Mm siku tatu.

Desemba akanipeleka Kasenga kwenyewe,
alfajiri, lami ikiwa bado na baridi ya usiku.
Kuna mteremko pale, na kona inayojificha nyuma ya nyasi,
na chini kidaraja.
Nilishika breki mapema. Nikaachia. Nikatazama mbali,
na farasi wote mia nne wakapita kona ile
mmoja nyuma ya mwingine, kama wanafunzi wa shule ya masista.
Nikageuka nimwone, nikingoja walau Mm.

Hakuwa ananitazama.
Ng'ambo ya daraja kijana alikuwa akiteremka kuja kwetu,
magunia manne, kichwa hakionekani,
mwili wote umelalia upande wa ndani wa kona,
mguu mmoja chini, soli ikifuka moshi.
Nilisogea pembeni, nikazima injini, nikampa barabara yote.

Kyungu aliteremsha kioo.
"Amechelewa kidogo," akasema.
"Lakini atafika."